Hiyo fidla yenye honi sio feki: maumbo ya ajabu ya fidla na kwa nini mengi hayakudumu

Kuna picha huwa inazunguka kwenye magrupu, fidla haina sanduku lake la kawaida, badala yake imefungwa honi ya chuma kama ya gramafoni za zamani, na mtu kaiweka begani anapiga kabisa. Chini yake ubishi ni ule ule. Huyu anasema imetengenezwa na AI, yule anasema ni pambo la sinema, na lazima atokee mmoja aandike kwamba fidla ya kweli ina umbo moja tu tangu enzi za Stradivari (fundi fidla maarufu wa Italia, na fidla zake nazo huitwa hivyo hivyo), ukiligusa hata kidogo sauti inaharibika. Mada hii naipenda sana na naona uvumi umezidi maelezo, basi acha nieleze kwa urefu kidogo.

Fidla yenye honi ni ya kweli, iliombewa hataza (yaani haki ya ugunduzi) Uingereza mwaka 1899. Na haikuwa ya kwanza kuvunja umbo. Ziliwahi kutengenezwa fidla zenye umbo la gitaa, fidla zilizonyooka kama kisanduku cha mbao, fidla za kuingia mfukoni, hadi ndugu yake mkubwa mwenye urefu wa karibu mita 3.5. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba baadhi yake zilipimwa mbele ya majaji wanaoelewa muziki na zikafaulu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kama sauti ilikuwepo, mbona hatuzioni?

Tuelewane kwanza majina ya vitu. Fidla, hii hii tunayoisikia kwenye taarab ya Zanzibar, ina nyuzi 4 zinazopita juu ya kipande kidogo cha mbao kilichosimama, kinaitwa daraja. Daraja linakanyaga ubao wa mbele kwa miguu miwili. Ubao wa mbele ni wa mti laini wa jamii ya misonobari, wa nyuma na mbavu za pembeni ni mbao ngumu zaidi. Kushoto na kulia kwa daraja kuna matundu mawili yenye umbo la herufi f. Ndani kuna vitu viwili ambavyo huvioni ukiwa mbali: kijiti kilichosimama wima kati ya ubao wa mbele na wa nyuma, karibu na mguu mmoja wa daraja, na mhimili mwembamba mrefu uliogundishwa chini ya mguu wa pili. Halafu kwa nje kuna kiuno, pale fidla inapobonyea katikati, na kona 4 zilizochongoka juu na chini ya kiuno.

Sasa sauti inatokaje. Uzi peke yake ni mwembamba mno, hauna eneo la kusukuma hewa, ungeupiga bila sanduku usingesikika hata chumba cha pili. Upinde unausugua uzi, uzi unalitikisa daraja, daraja linayumba kushoto kulia, mguu wa upande wa kijiti umebanwa kwa hiyo hauna pa kwenda, mguu wa pili ndio unapanda na kushuka na kuuchukua ubao wote wa mbele, na ubao ndio unaosukuma hewa. Kuna kazi ya pili tena, hewa iliyomo ndani ya sanduku inaingia na kutoka kwenye matundu. Chukua chupa tupu ya soda uipulizie mdomoni, ule mlio mzito unaousikia ni hewa ya ndani inacheza kwenye mdomo wa chupa. Fidla nayo ina mlio wake wa namna hiyo, kwa nyingi uko kwenye mitikisiko kama 270 au 280 kwa sekunde, na ndio unaozipa nguvu noti za chini.

Kwenye maelezo yote hayo kona sijazitaja, na kiuno pia sijakitaja. Kiuno kipo kwa ajili ya upinde, ili uweze kuinamia uzi wa mwisho kila upande bila kugonga ubavu. Kona nazo zimetokana na ujenzi, ndani yake kuna vipande vya mbao vinavyoshikilia mbavu pale zinapokutana. Ni nzuri kutazama, mafundi wanazichonga kwa majivuno, ila sio zinazoimba.

Umbo tunaloliita la kawaida lilitulia Italia ya kaskazini katika karne ya 16. Fidla kongwe zinazojulikana kwa tarehe ni za Andrea Amati wa mji wa Cremona, za miaka ya 1560, na ukiziweka pembeni ya fidla mpya ya leo utaona ni familia moja. Kabla ya hapo vyombo vya kupigwa kwa upinde vilikuwa na maumbo ya kila aina na matundu ya kila aina, duara, nusu duara, herufi c. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walitoa utafiti kuhusu haya matundu, na matokeo yake mimi yalinikaa sana kichwani: hewa inayopita kwenye tundu inapita zaidi kandokando ya ukingo kuliko katikati, kwa hiyo tundu refu jembamba lenye ukingo mrefu linafanya kazi kubwa kuliko duara lenye eneo lile lile. Wakapima pia matundu ya mamia ya fidla za Cremona wakakuta yamekuwa yakirefuka polepole kutoka kwa Amati hadi Guarneri, fundi wa baadaye wa huko huko. Maelezo yao ni kwamba huenda hakuna aliyekaa akapiga hesabu, fundi anakopi kazi ya mwalimu wake, mkono unakosea kidogo, ile iliyotoka na sauti kubwa inapendwa na ndiyo inayokopiwa tena. Karne mbili za hivyo.

Hapo ndipo hoja ya "umbo halijawahi kuguswa" inapoanza kuyumba. Stradivari mwenyewe (alifariki 1737) hakukaa na mfano mmoja. Miaka ya 1690 alikuwa anatengeneza fidla ndefu kuliko kawaida, baadaye akaiacha ile dizaini. Halafu kuna hili ambalo watu wakiambiwa hawaamini: karibu fidla zote za Stradivari zinazopigwa leo jukwaani zimefanyiwa operesheni. Kati ya mwisho wa karne ya 18 na karne ya 19 kumbi zilikuwa kubwa, wapigaji wakataka nguvu zaidi, basi shingo zikabadilishwa zikawekwa ndefu na zenye kuinama kwa nyuma, ule mhimili wa ndani ukang'olewa ukawekwa mkubwa zaidi, daraja likapanda. Hata kile kipande cha kuwekea kidevu hakikuwepo enzi za Stradivari, kinahesabiwa kuwa ugunduzi wa mpigaji Mjerumani Louis Spohr, miaka ya 1820 hivi. Fidla "ya asili" unayoisikia leo ni chombo cha karne ya 18 chenye ukarabati wa karne ya 19.

Tuje kwa wavunja umbo wenyewe, na Wafaransa wawili nitakaa nao zaidi maana bila wao mada hii haieleweki.

Wa kwanza ni François Chanot. Alizaliwa 1788 kwenye familia ya mafundi fidla wa mji wa Mirecourt, lakini yeye akawa injinia wa meli za jeshi. Injinia akiangalia fidla anaona vitu tofauti na fundi. Chanot aliona kona zinakatisha mtikisiko bure, akaona matundu ya f yaliyojipinda yanakatakata nyuzinyuzi za mbao ambazo zingepaswa kubaki nzima ili ubao utikisike vizuri. Akatoa fidla isiyo na kona, kiuno laini kama cha gitaa, matundu karibu yamenyooka yakifuata ukingo, nyuzi zimefungwa moja kwa moja kwenye ubao wa mbele, na hata lile pambo la kichwani lililojikunja akaligeuza likatazama nyuma. Mwaka 1817 ikapelekwa mbele ya kamati ya wasomi Paris. Mpigaji aliwekwa chumba cha pembeni ili majaji wasione anachoshika, akawa anabadilisha kati ya fidla ya Chanot na Stradivari, na majaji hawakuipa Stradivari ushindi. Ripoti ilikuwa ya sifa.

Wa pili ni Félix Savart, huyu kasomea udaktari, moyo wake ukawa kwenye fizikia. Waliosoma umeme na sumaku chuoni wanamjua kwa kanuni ya Biot na Savart ya 1820, ndiye huyo huyo. Mwaka 1819 alipeleka Paris maandiko yake kuhusu vyombo vya upinde pamoja na fidla ambayo ukiiona mara ya kwanza unadhani ni kisanduku cha kuwekea vitu: mbavu zimenyooka, juu nyembamba chini pana, mbao bapa, matundu mawili yaliyonyooka kabisa. Alinyunyiza mchanga juu ya mbao zinazotikiswa na kuangalia mchanga unajipanga wapi, njia ya Mjerumani Chladni, na akaona ubao bapa unatikisika kwa uhuru kuliko uliochongwa ukapinda. Matundu akayanyoosha kwa sababu ile ile ya Chanot, yapite sambamba na nyuzinyuzi za mbao badala ya kuzikata. Fidla hii nayo ikapigwa chumba cha pembeni ikibadilishana na fidla nzuri ya kawaida, na majaji hawakuona kama imezidiwa. Na faida yake kubwa ambayo Savart alijua kabisa ni kwamba ni rahisi kujenga, hakuna kupinda mbavu wala kuchonga mbao kwa wiki nzima, mtu mwenye mikono ya wastani anaweza.

Sasa fikiria, una fidla mbili mpya, zimepita kwenye masikio ya wakubwa wa Paris, moja ni rahisi kutengeneza kuliko ya kawaida. Zilipotelea wapi?

Jibu liko kwa kijana mmoja aliyekuja Paris mwaka 1818 kufanya kazi kwa Chanot. Jean-Baptiste Vuillaume, naye mtoto wa Mirecourt. Alianza kazi mjini kwenye karakana ya fidla za umbo jipya, yaani aliyaona maumbo mapya kwa ndani kuliko mtu mwingine yeyote, na baadaye akawa rafiki wa Savart wakifanya majaribio pamoja. Lakini alipoanza kujitegemea aliona soko linataka nini: watu walitaka fidla zinazofanana na za Kiitaliano za zamani, hadi rangi iliyochakaa. Akawa bingwa wa kukopi Stradivari na Guarneri, karakana yake ikatoa zaidi ya vyombo 3,000, na mwaka 1855 akanunua hazina ya fidla za zamani aliyoiacha mfanyabiashara Luigi Tarisio, ikiwemo ile Stradivari ya 1716 maarufu kwa jina la Messiah. Mtu aliyejua kabisa kwamba umbo linaweza kubadilika ndiye aliyesaidia kulifunga lisibadilike. Simlaumu, alikuwa na karakana ya kuendesha.

Na soko halikuwa peke yake. Mpigaji aliyejifunza tangu utotoni anatumia umbo kama ramani, mkono wa kushoto ukipanda juu unagusa bega la sanduku na hapo anajua yuko noti gani bila kuangalia, ukimpa kisanduku cha Savart ile ramani imebadilika. Halafu matengenezo. Fidla ya kawaida imegundishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama inayoachia kwa maji na joto, na kingo za mbao zinatokeza nje ya mbavu, kwa hiyo fundi yeyote mji wowote anaingiza kisu chembamba, anaufungua ubao wa mbele, anatengeneza, anafunga tena. Kalibu anayo, daraja analo, kasha la kubebea lipo dukani. Baadaye karne hiyo Mirecourt na Markneukirchen ya Ujerumani zikawa zinatoa fidla kwa maelfu kwa umbo moja, na baada ya hapo fidla yenye umbo lake pekee ikawa haina kasha wala fundi wala mnunuzi wa mkono wa pili.

Fidla ya honi ina hadithi tofauti, hii ilishinda kabisa kwa muda. Mtengenezaji ni John Matthias Augustus Stroh, Mjerumani aliyehamia London, fundi wa mitambo ya telegrafu (simu za maandishi za zamani) aliyefanya kazi na mwanasayansi Charles Wheatstone. Tatizo lililokuwepo ni kurekodi. Kabla ya maikrofoni za umeme, wanamuziki walijibana mbele ya honi kubwa na mtikisiko wa sauti ndio uliochora mfereji moja kwa moja kwenye nta, hakuna umeme wowote wa kukuza. Tarumbeta inarekodika vizuri kwa sababu inaelekeza sauti upande mmoja, fidla inatawanya sauti kila upande kwa hiyo kwenye nta ilitoka dhaifu mno. Stroh akaondoa sanduku lote. Daraja likawa linatikisa kiwambo cha chuma chembamba, na kiwambo kinasukuma hewa kwenye honi ya alumini iliyoelekezwa kwenye mashine. Nyingine zilikuwa na honi ndogo ya pili ikielekea sikio la mpigaji ili ajisikie. Sauti yake ni kali, ya puani kidogo, haina ule utamu wa mbao, lakini kwenye nta ilifika.

Kilichoizima ni maikrofoni ya umeme, iliyoingia kwenye kazi ya kurekodi mwaka 1925. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, shida iliyoizaa fidla ya honi ilikuwa imeshapata dawa yake kwa miaka 3. Hata hivyo fidla ya honi haikufa, mkoani Bihor, Romania, wanakijiji waliichukua wakaifanya yao, mafundi wa huko wanaitengeneza wenyewe na kuipiga harusini, maana kwenye sherehe ya nje yenye kelele sauti inayoelekea mbele ni faida. Picha nyingi zinazozunguka mitandaoni naamini ni za huko, na huyo mzee anayepiga ni mwanamuziki halisi anayeendeleza mila ya kwao.

Kuna kundi jingine ambalo halikubadilisha umbo ila vipimo. Walimu wa dansi wa Ulaya karne ya 17 na 18 walikuwa na fidla nyembamba kama kimtumbwi, inaingia mfuko wa koti, unaitoa unampigia mwanafunzi huku mwenyewe unaonyesha hatua, hata Stradivari alitengeneza, ipo moja ya 1717 kwenye makumbusho ya muziki Paris. Kwa upande wa pili Vuillaume mwaka 1850 alitengeneza oktobasi, mita 3.5 hivi, nyuzi 3, mpigaji anasimama juu ya jukwaa dogo na anabana nyuzi kwa mitambo ya mkono na pedeli za mguu kwa sababu kidole cha binadamu hakifiki. Hii nayo watu husema ni kiki ya mitandao. Ipo, moja iko makumbusho hayo hayo ya Paris, na okestra ya Montréal inayo ya kwao ya kisasa tangu 2016.

Kwenye vipimo tatizo gumu zaidi ni la viola, dada wa fidla mwenye sauti nzito. Kwa noti anazotakiwa kutoa, sanduku lake lingetakiwa kuwa kubwa sana, ila likiwa kubwa hivyo hakuna bega la kulibeba, kwa hiyo tangu zamani viola ni maelewano kati ya fizikia na mkono. Miaka ya 1870 Mjerumani Hermann Ritter alikuja na viola kubwa, mtunzi wa opera Wagner akaipenda hadi ikapigwa kwenye tamasha lake la Bayreuth mwaka 1876, wapigaji wakaumia mabega ikafifia. Mmarekani Carleen Hutchins, aliyekuwa mwalimu wa sayansi kabla ya kuwa fundi, akalichukua tatizo lote kwa mpango: kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 alibuni familia ya fidla 8, kutoka ndogo kuliko fidla hadi kubwa ya kusimama, kila moja mlio wa hewa na mlio wa mbao umepangwa kwenye noti sahihi za nyuzi zake. Kile cha nafasi ya viola unakisimamisha chini kama chelo, tatizo la bega limekwisha. Mpigaji chelo maarufu Yo-Yo Ma alikitumia kupiga konseto ya viola ya mtunzi Bartók. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi makini kuliko zote nilizozitaja hapa, na inaniuma kwamba bado ni ya wachache, kwa sababu okestra ina viti vyake, muziki ulioandikwa una vyombo vyake, na hakuna nafasi ya ajira inayosema tunatafuta mpigaji wa fidla ya nane.

Wakati mtu anabisha kwamba zote hizi zisingeifikia Stradivari, mkumbushe majaribio ya mtafiti Claudia Fritz na fundi fidla Joseph Curtin. Mwaka 2010 Indianapolis wapigaji 21 walifunikwa macho kwa miwani meusi wakapewa fidla mpya na za zamani zikiwemo Stradivari, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivari. Wakarudia Paris kwa wapigaji wakubwa 10 na muda mrefu zaidi, wengi wakachagua fidla mpya na kubahatisha tu ipi ni ya zamani. Hii haimaanishi Stradivari ni mbaya, ni fidla nzuri mno. Inamaanisha tukiona jina tunasikia jina.

La mwisho, maana najua litaulizwa: fidla ya umeme je, ile isiyo na sanduku kabisa? Hiyo sauti yake inachukuliwa na kifaa kilicho darajani na kupelekwa kwenye spika, hewa na matundu havina kazi tena, kwa hiyo mtengenezaji yuko huru kuipa umbo lolote atakalo. Lakini ziangalie vizuri. Nyingi zina kipande kilichopinda upande wa juu karibu na shingo, hakishiki chochote na hakitoi sauti, kimewekwa tu pale ambapo bega la sanduku lingekuwa, ili mkono wa kushoto ukipanda upate pa kugusa.